Wachumba, nunueni kauntabuku kabla ya keki

Wanangu mliochumbiana hapa Dar es Salaam, pamoja na kamati zenu, marahaba.

Kabla hamjaenda kuonja keki, nunueni kauntabuku moja na mtafute mtu mmoja wa kuishika. Kundi la WhatsApp halitoshi. Ahadi ya Jumatatu ikifika Alhamisi imeshazama chini ya salamu na vichekesho.

Ukurasa wa kwanza ni wa tarehe, na tarehe mwulizeni kwanza atakayewafungisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka msajili apewe taarifa siku zisizopungua 21 kabla. Kanisani kuna mafundisho, kuna matangazo ya Jumapili tatu, na parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Wanaolipia ukumbi kwanza, kisha ndipo waende kwa padri, ndio wanaopoteza advansi.

Kurasa za michango zipigeni mistari hivi: jina, simu, ahadi, alicholipa, tarehe, baki. Bajeti ipigieni safu ya alicholipa. Ahadi ni maneno mazuri, lakini mpishi hapokei maneno. Namba ya kupokelea iwe moja, ya mhazini, na jina linalotokea mtu anapotuma liwe lilelile lililo kwenye kadi ya mchango. Zikiwa namba tatu, wiki ya mwisho mtatafuta fedha ambayo kila mmoja anadhani iko kwa mwenzake. Na mhazini asome hesabu kila kikao, hata kama ameingiza elfu kumi tu.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi huaibika. Kamati huhesabu kadi za mwaliko badala ya vichwa. Kadi 150 zikiwa 90 za double na 60 za single, hao ni watu 240. Ongezeni wapiga picha, MC, watu wa muziki, wapambaji na madereva, tuseme 20, maana nao wanakula. Mmefika 260. Kwa pilau, kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hivi, kwa hiyo ni kilo 33. Soda mbili kwa kila mtu ni chupa 520. Kreti ina chupa 24, chukueni kreti 22. Mkimpa mpishi kazi kwa sahani, mkataba useme sahani ngapi, vipande vingapi vya nyama kwa sahani, na nani anasimama kwenye meza ya kupakulia. Pasipo msimamizi, meza za mbele hupata mapaja na za nyuma hupata mchuzi.

Ukumbi: ulizeni wapambaji wanaingia saa ngapi, muziki unazimwa saa ngapi, saa ya ziada ni bei gani, na dizeli ya jenereta inanunuliwa na nani. Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Vitambaa vya sare vinunuliwe Kariakoo siku moja, duka moja, tena mvitoe nje ya duka mvilinganishe juani. Rangi ileile ya jora jingine huweza kupishana, na kwenye taa za duka hamtaiona; mtaiona kwenye picha. Mambo ya kitchen party na sendofu waachieni mama na shangazi, ila fedha zake ziwe na kurasa zake, zisichanganywe na za harusi.

Tengeni asilimia kumi ya fedha iliyopo mkononi, msiiguse mpaka siku yenyewe. Usiku wa kuamkia harusi, kila baki mnayodaiwa itiwe kwenye bahasha yake, juu jina na kiasi, akabidhiwe mtu mmoja asiyekunywa. Bwana harusi asifuatwe mezani kudaiwa hela ya spika.

Kauntabuku msiitupe baada ya fungate. Kadi za michango za wenzenu zitaanza kuja, na mtataka kujua nani aliwatolea nini.