Wifi, ulikuwepo tukibeba maji

Wifi yangu,

Kaka yako nimeshamlilia, yamekwisha. Aliponiletea karatasi ya talaka, huku nasikia Pangani kuna bi harusi anayengojewa, niliumia. Nikakaa eda kwa mama hapa Ngamiani, nikatoka. Barua hii ni yako wewe.

Siku ya kikao mzee aliuliza: huyu mwanamke kachangia nini kwenye nyumba ya Makorora? Kaka yako akainama. Nikakutazama wewe. Ukasema, kwa sauti ile ile unayoniitia wifi wa moyo: "Mie sijui. Nijuavyo nyumba ni ya kaka."

Hujui, wifi? Kiwanja kile kilikuwa magugu matupu. Mimi na wewe tukishaswali alfajiri tulikwenda kufyeka. Maji ya zege tulibeba kichwani, dumu kwa dumu, mpaka utosi ukawaka. Vitumbua nilivyochoma tangu saa kumi usiku, wewe ukinikorogea unga, ndivyo vilivyonunua mabati ya mbele. Tulikwenda wote dukani kuyahesabu, ukamgombeza muuzaji kwa bati moja lililokunjika. Kaka yako alikuwa baharini siku hiyo, na siku nyingi nyingine.

Mama mmoja msaidizi wa kisheria alinisomea kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mahakama itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Akanieleza na kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango. Nililia pale pale kitini. Majaji wasionijua, miaka yote hiyo nyuma, walishaijua kazi yangu. Wewe uliyenitua dumu kichwani ukaikana.

Najua unalala chumba cha uani na huna pa kwenda. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana usiku ulioachika, ukaja na begi moja na mtoto mgongoni, mlango nilikufungulia mimi. Kaka yako alisema urudi kwa mumeo. Nilimbembeleza hadi adhana. Nilijiona nimeolewa nikapewa na ndugu wa kike juu yake, na hilo ndilo linalonitoa machozi mpaka leo; yeye simuoti tena, wewe nakuota.

Nimefungua shauri. Nilipoulizwa mashahidi nilitaja jina moja tu, lako. Hati ya wito italetwa hapo hapo Makorora, kwenye kibaraza ulichosiliba kwa mikono yako.