Kwenye boksi 500, ndani 408: barua kwa waliotengeneza mashine yetu ya gemu

Lubumbashi, 16 Machi 2026

Kwa: Idara ya Huduma kwa Wateja
Kuhusu: Nafasi ya kuhifadhi na mizajuri (masasisho) za mashine

Bwana au Bibi,

Nina chumba cha gemu katika komini (wilaya ya mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi. Televisheni mbili, mashine zenu mbili, viti vya plastiki, manete nne (vile vidude vya mkononi vya kuchezea) na onduleri moja iliyochoka, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Mechi ya mpira ni franka 500, anayefungwa anampisha mwenzake. Nawaandikia kuhusu mashine ya pili, ile yenye hifadhi ya GB (giga) 500, ambayo Jumamosi ya tarehe 7 mwezi huu ilinikosesha kazi siku nzima. Na Jumamosi ndiyo inayolisha siku zangu nyingine.

Ilianza hivi. Saa nne asubuhi mteja mmoja aliomba kucheza kwa intaneti na binamu yake aliye Kolwezi. Nikawasha intaneti ya simu, nikaunganisha. Mashine ikasema haiwezi kuingia mtandaoni mpaka mfumo wake ufanyiwe mizajuri kwanza. Sawa, nikakubali. Ikapakua, ikajizima, ikajiwasha, ikaomba nichague lugha kama vile ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Dakika arobaini zilikuwa zimeshapita na vijana sita wamekaa wanatazama mstari wa bluu.

Tukafungua gemu ya mpira. Nayo ikataka mizajuri yake, GB 3. Nikasema moyoni, GB 3 si nyingi, tutamaliza. Hapo ndipo mashine iliponiambia kwamba nafasi haitoshi, nifute vitu. Nafasi tupu nilikuwa nayo, tena GB 31. Yenyewe ilitaka zaidi ya 50.

Nilidhani imekosea. Nikazima, nikawasha, ikarudia neno lilelile. Baadaye fundi mmoja wa simu, jirani yangu, ndiye aliyenielewesha: mashine haiweki kipande kipya mahali pa cha zamani. Inatengeneza nakala nzima ya gemu pembeni, inachanganya na vile vipande vipya, kisha ndipo inafuta ile ya kwanza. Kwa hiyo gemu ya GB 48 inadai zaidi ya GB 50 nyingine tupu ili ipokee GB 3. Ni kama umwambie mtu ajenge nyumba ya pili kwenye parseli (kiwanja) yake ili abadilishe kitasa cha mlango wa nyumba ya kwanza. Naelewa mna sababu: kazi ikikatikia katikati, ile ya zamani ibaki salama. Mtaona huko chini kama kwangu ilibaki.

Nikafuta gemu moja ya magari. Hiyo sikuinunua kwa diski, niliipakua mwaka jana kwa usiku tano. Nafasi ikapatikana. GB 3 zikaingia. Kisha likaja neno "inanakili", na asilimia zikaanza kutembea polepole. Mtoto wa jirani, ana miaka tisa hivi, alisimama karibu na kioo cha televisheni akawa anatusomea. Kila aliyeingia alimwuliza, "Inabakia ngapi?" Ilipofika 71, umeme ukakatika. Onduleri ikalia mara tatu, ikanyamaza.

Umeme uliporudi jioni, mashine ilisema haikuzimwa vizuri, ikakagua hifadhi yake muda mrefu, halafu ikanipa ujumbe ambao nimewapigia picha: data ya gemu imeharibika, ifute. Ikanipa kitufe kimoja tu. Nikaifuta, nikaingiza tena diski ya gemu niliyoinunua kwa pesa yangu, nikadhani nitaanzia pale nilipoishia. Hapana. Diski ina gemu kama ilivyotoka kiwandani, na marekebisho yote yaliyokuja baadaye inabidi yapakuliwe upya kwa pamoja. GB 38. Zile GB 3 za asubuhi zimeliwa, gemu ya magari imekwenda, na sasa nadaiwa 38.

Kukatika kwa umeme siwalaumu ninyi. Hapa tunakujua, hasa msimu huu wa mvua, na onduleri mbovu ni yangu mwenyewe. Lakini mashine inayouzwa dunia nzima inapaswa kujua kwamba dunia nzima haina umeme wa kutulia. Kama mnanidai nafasi ya nyumba ya pili ili ya kwanza isibomoke, basi ya kwanza isibomoke.

Nije sasa kwenye ile 500.

Boksi ninalo bado, limeandikwa GB 500 kwa herufi kubwa kuliko jina la mashine. Siku ya kwanza kabisa nilipofungua sehemu ya hifadhi, nikakuta 408. Nimeshaelezwa hesabu yake. Watengenezaji wa diski za kuhifadhia wanasema giga moja ni baiti 1,000,000,000, mashine ikihesabu inatumia 1,073,741,824, kwa hiyo 500 yenu inageuka karibu 465. Zilizobaki, mfumo wenyewe umezikalia. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya (Kenya ya hapa kwetu, ile komini, si nchi) akiniuzia mfuko wa kilo 25, nikapima nyumbani nikakuta 20 na kidogo, hawezi kunijibu kwamba kilo yake na kilo ya mizani yangu zinahesabiwa tofauti, na kwamba nyingine ni za mfuko wenyewe. Watu wa sokoni watamcheka. Ninyi mnaandika kwa maandishi madogo chini ya boksi, na hakuna anayewacheka.

Nilipowaandikia kwenye dirisha lenu la mazungumzo, jibu lilikuja kwa Kifaransa kizuri: ninunue diski ya nje ya kuhifadhia, na nitumie intaneti imara. Diski nimenunua. Inatakiwa iwe ya USB 3.0 (kiunganishi cha kasi), na mashine inaifuta yote kabla ya kuipokea, ndivyo picha za harusi ya dada yangu zilivyopotea. Hilo siwahesabii, onyo lilikuwepo na mimi mwenyewe nilibonyeza ndiyo. (Dada bado hajanisamehe.) Kinachonishangaza ni kwamba hata na diski ya nje, akiba za wachezaji (pale kila mmoja alipofikia kwenye gemu) zinabaki ndani, mfumo unabaki ndani, na gemu iliyo kwenye diski ya nje nayo inataka nyumba yake ya pili hukohuko nje. Nimeongeza chumba, tabia ni ileile.

Ninayoomba si makubwa. Kabla sijabonyeza kukubali, kioo kiniambie mambo mawili kwa pamoja: mizajuri hii itakula giga ngapi za intaneti, na inataka nafasi tupu kiasi gani. Leo naambiwa la kwanza, la pili nalikuta njiani. Hapa giga tunazinunua kwa kuzihesabu kama nyanya, hakuna mtu ninayemjua Katuba mwenye intaneti isiyokwisha.

Pili, mizajuri ya mfumo mmeruhusu kuibeba kwa flashi. Ya gemu hapana. Ningeweza kwenda mjini kwenye laini nzuri, nikapakua mara moja, nikarudi nayo mfukoni. Tupeni njia hiyo. Na unakilishaji ukikatika kwenye 71, uendelee kutoka 71, au uniachie gemu yangu ya zamani jinsi ilivyokuwa.

Kuhusu fidia, nimekosa Jumamosi mbili kwenye mashine hiyo. Sitawaandikia jumla kwa sababu najua mtaniuliza risiti za vijana wanaolipa franka 500, na vijana hawachukui risiti. Lakini giga zina ushahidi: ujumbe wa simu wa kila nilipojaza upo, na ninauambatanisha pamoja na risiti ya mashine, picha ya boksi na picha mbili za kioo. Naomba mnirudishie zile 38 pamoja na zile 3 kwa njia mnayoiweza, hata kama ni salio kwenye duka lenu la mtandaoni, na mniambie nani ataijibu barua hii ili nisirudi tena kwenye lile dirisha kuambiwa habari za intaneti imara.

Ninapoandika ni saa tano usiku, mtandao umepungua watu, napakua. Iko asilimia 23. Mashine ya kwanza imezimwa kwa sababu naogopa ikiona intaneti nayo itaomba ya kwake.

Wenu,
Mwenye chumba cha gemu, Katuba