Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa kuhusu Wodi Inayokimbiwa na Wazazi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi mstaafu niliyekesha zamu za usiku kwa miaka mingi katika hospitali moja kongwe ya hapa kisiwani, ambayo siitaji jina kwa kuwa wenzangu wangali humo, na ninatumia haki ambayo Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu ya kupeleka ombi lake kwa mamlaka ya umma. Ombi langu linahusu mizuka. Nakusihi usiiweke barua hii kando kwa ajili ya neno hilo.

Wodi ya wazazi ya hospitali hiyo imo katika jengo la zamani la mawe ya matumbawe, kwenye korido ndefu inayowaka taa mbili tu. Mama anayelazwa humo, kabla hajaonyeshwa bafu, huwa ameshasimuliwa na jirani yake wa kitanda cha pili habari za mtoto mchanga anayelia nje ya dirisha pasipo na mtoto, za kengele ya kitanda kitupu inayojililia, na za mwanamke wa nguo nyeupe anayepita mlangoni saa tisa za usiku bila kusikika nyayo. Kengele hiyo nimeisikia mwenyewe, nikaenda na kurunzi nikakuta shuka limetandikwa vizuri, na nywele zikanisimama. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wazazi hawa ni waongo.

Mtoto wa dirishani ni komba, mnyama mdogo wa mitini ambaye usiku hulia mfano wa kichanga, na mwembe ulio nyuma ya wodi haukosi komba. Kengele ilifunguliwa na fundi akakuta nyaya zimeliwa na chumvi ya bahari. Wapo pia wanaosema hukabwa kitandani usiku; hao wanakabwa na jinamizi, ambalo huwapata sana watu waliokatikiwa na usingizi, na hakuna aliyekatikiwa na usingizi kuliko mama aliyejifungua jana.

Mwanamke wa nguo nyeupe ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa sababu huyo yupo kweli. Chumba cha kuhifadhia maiti kiko mwisho wa korido hiyohiyo, na mgonjwa anayefariki usiku hupitishwa kwa machela mbele ya mlango wa wazazi. Tulikuwa tukizima zile taa mbili kwanza, kwa huruma, ili kina mama wasione. Nimezizima kwa mkono wangu mara nisizoweza kuzihesabu. Anayeamka wakati huo huona kitu cheupe kinateleza gizani kikapotea, na asubuhi hakuna muuguzi anayemweleza alichokiona, kwa kuwa sisi tunaamini tumemficha. Ni marehemu wetu, Mheshimiwa, mama au dada wa watu, na tumemgeuza kitisho.

Waliokuwapo Pemba mwaka 1995 wanakumbuka jinsi hofu ya popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu vitandani usiku, ilivyowatoa watu vyumbani wakalala nje kwa makundi. Katika wodi yetu hofu hiyo inatoa damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mama aliyejifungua salama akae kituoni angalau saa 24, kwa kuwa siku hiyo ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvuja damu. Alfajiri moja, msichana aliyejifungua mtoto wake wa kwanza usiku uleule alimfunga mwanawe kwa leso akatoka langoni bila kuaga; adhuhuri akarudishwa kwa tuktuk, kiti kimelowa. Aliongezewa damu akapona. Nilipomuuliza kwa nini aliondoka, alinijibu kwamba yule bibi alipita mara mbili. Usiku ule tulikuwa tumefiwa na wagonjwa wawili.

Wapo wanaopendekeza kifanywe kisomo, na mimi sipingi, kwani sikuwahi kuanza zamu bila kusoma Ayatul Kursi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka hospitali, nyumba za maiti na makaburi katika orodha moja ya kazi za kaunti, na kwa hivyo mzazi na marehemu wote wawili ni amana yako. Naomba taa za korido ziongezwe na zisizimwe tena, wazazi waelezwe ukweli siku wanapolazwa, na maiti wapitishwe uani, nyuma ya jengo, ambako kuna njia ya saruji pana ya kutosha machela na lango linalofungukia karibu na chumba chenyewe.

Lango hilo limefungwa kwa kufuli. Nilipostaafu, ufunguo wake ulikuwa ukitundikwa katika ofisi ya ghala la dawa, kwenye msumari wa juu, nyuma ya mlango. Naomba utafutwe.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Kibokoni, Mombasa