Saiti mira zangu nimezinunua mara mbili

Mhariri, ile habari yenu ya wizi wa vifaa vya magari nimeisoma, na pale mwishoni mlipoandika eti wenye magari tuwe makini tunapopaki ndipo nikaamua leo niandike, nasoma gazeti lenu zaidi ya miaka 15 sijawahi kuwaandikia hata mstari. Makini gani tena jamani? Hapa Sinza nyumba moja ina wapangaji sita, uani linaingia gari la mwenye nyumba tu, sisi wengine tunapaki nje chini ya dirisha. Alamu tumefunga. Namba za gari tumechonga kwenye vioo na taa zote.

Mwezi wa 3 natoka saa 11 alfajiri niwahi kazini nakuta gari langu, Toyota IST, saiti mira zote mbili, vile vioo vya pembeni, zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Kituo cha polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa kwenye kitabu chao, nikaambiwa nitapigiwa simu. Nikaenda zangu Kariakoo kwenye maduka ya spea, nikamwambia kijana nataka saiti mira za IST nyeusi, akasema kaa hapo mzee wangu, akapiga simu, dakika kama 20 bodaboda huyo na mfuko wa sandarusi. Nazigeuza hivi naona pale palipochongwa namba pamepigwa msasa lakini haraka haraka, tarakimu moja na herufi mbili za mwisho bado zinasomeka, na ule mkwaruzo wa geti ambao mke wangu aliuweka mwaka jana upo palepale. Nikamwambia hizi ni zangu. Akanijibu bila aibu yoyote, mzee gari kama hizo ziko nyingi mjini, kama unazitaka 150,000. Nikapiga simu kituoni naulizwa risiti ya hizo saiti mira iko wapi, sasa mimi gari nimelitoa bandarini na mira zake, risiti ya mira peke yake naipata wapi? Nimelipa Mhariri. Mali yangu mwenyewe, na kijana akanipa namba ya simu nikihitaji tena.

Mtaani kijana akishikwa na taa ya gari watu wanampiga hadi kumuua, nimeyaona kwa macho yangu na sitaki kuyaona tena, lakini aliyemtuma asubuhi yake anafungua duka kama kawaida. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 311 kinasema kupokea mali ya wizi ni kosa, sasa mbona anayeumia ni yule mdogo tu?

Na hii hela ya ulinzi shirikishi, 5,000 kila nyumba kila mwezi, risiti hakuna, walinzi wenyewe saa 8 usiku wako baa. Mafundi nao wamo. Jirani yangu kapeleka gari kuchomelea ekzosi limerudi linanguruma, kumbe masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, yametolewa yakauzwa, maana ndani yana platinamu.

Ninachotaka ni hiki, kila duka la spea zilizotumika liwe na daftari, anayeleta kitu aandikwe jina, namba ya NIDA, simu, na kitu chenyewe kipigwe picha kabla hakijawekwa rafuni, na kila Ijumaa mtendaji wa mtaa apite asaini. Spea iliyopigwa msasa kwenye namba ikikutwa dukani, duka lifungwe siku 30 bila kusikiliza maelezo. Na polisi wakubali namba iliyochongwa pamoja na kadi ya gari kuwa ushahidi, risiti ya saiti mira hakuna mtu anayo. Picha za zile mira nilizipiga palepale dukani, herufi zinaonekana vizuri, na RB bado ninayo, atakayezihitaji nitampelekea hukohuko ofisini kwake.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam