Kwa nini mita 150 za simu ni mita 170 za bomba

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa hapa Lushoto alirudisha ankara akiwa amekasirika, akidai kwamba tumemwibia bomba, kwa sababu ramani ya simu yake ilimwonyesha mita 150 kutoka chemchemi hadi tangi la nyumbani, ilhali sisi tuliandika 170 na ziada ya mita 8 za makona. Hatukumwibia. Ramani hupima ardhi kana kwamba imetandikwa mezani, na milima ya Usambara haitandikiki.

Kutoka tangi lake hadi chemchemi ni mita 120 kuelekea mashariki, 90 kuelekea kaskazini na 80 kwenda juu. Mraba wa 120 ni 14,400 na wa 90 ni 8,100. Jumla ni 22,500, ambayo kipeuo chake cha pili ndicho zile 150 za simu. Ukijumlisha na mraba wa 80, yaani 6,400, unapata 28,900, na kipeuo chake ni 170. Hiyo ni kamba iliyonyooshwa hewani. Bomba la mtaroni haliwezi kuwa fupi kuliko hapo.

Kimo hicho cha mita 80 ndicho kinacholipiwa ada ya upimaji inayolalamikiwa kila msimu. Hatukichukui kwenye simu, kwa kuwa simu hukosea zaidi kwenye kimo. Tunatumia futikamba na mpira mwangavu uliojazwa maji wa kupimia levo, tukipanda kigingi kwa kigingi. Mlima ule ulitaka hatua zaidi ya 50, vijana wawili kutwa nzima, na mmoja alipoteleza akamwaga maji ilibidi tatu zirudiwe.

Jirani yake, anayetumia chemchemi hiyo hiyo, aliwahi kukataa kupimiwa akanunua roli tatu za mita 50. Alianza kulaza bomba kutoka juu, likaishia shambani, naye akaunga kipande cha zamani cha bar 6, yaani kinachostahimili msukumo wa bar 6 tu, ili kufika nyumbani. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 80 husukuma kwa karibu bar 8, na kipande hicho dhaifu ndicho kilichokaa chini kabisa, penye msukumo mkubwa kuliko kote. Usiku wa kwanza alipofunga koki, kilipasuka. Alilipia bomba jipya la bar 10, vibarua wa kufukua mtaro na kabichi za watu zilizosombwa.

Mwenye ankara anakaribishwa dukani. Daftari la vipimo lipo, hatua kwa hatua, pamoja na zile tatu tulizorudia.