Kuhusu Hispania na deni lake kwa Italia

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipokea na nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale ulipoandika kwamba uchoraji wa Hispania ni tawi tu la uchoraji wa Italia, na kwamba ukiwaondoa wageni hakibaki kitu. Nusu ya kwanza ya hoja yako naikubali, tena kwa ushahidi zaidi ya ule ulioutoa. Nusu ya pili naikataa, na kwa ruhusa yako nitaeleza kwa nini.

Kwamba Hispania ilikopa, hakuna anayebisha. Mfalme Felipe wa Pili, aliyetawala pia Napoli, Milan na Flanders, alimwagiza Titian wa Venice picha moja baada ya nyingine, na kazi za Bosch, mchoraji wa Nchi za Chini, akazikusanya na kuziweka El Escorial, jengo lake lililokuwa kasri na monasteri kwa pamoja. El Greco, ambaye siku hizi huhesabiwa kuwa Mhispania kuliko Wahispania wenyewe, alizaliwa Krete mwaka 1541, akaanza kwa kuchora picha takatifu za Kigiriki (ikoni), akapitia Venice na Roma, na hakufika Toledo hadi mwaka 1577. Rubens, mchoraji wa Flanders, alipotumwa Madrid kwa shughuli za kidiplomasia mwaka 1628, saa alizobakiwa nazo alizitumia kunakili picha za Titian zilizotundikwa kasrini, na mchoraji kijana wa mfalme, Diego Velázquez, alikuwa karibu naye. Mwaka uliofuata kijana huyo alifunga safari yake ya kwanza kwenda Italia.

Lakini ni safari yake ya pili, ya mwaka 1649, ninayotaka uitafakari. Mfalme Felipe wa Nne alimtuma kununua picha na sanamu, naye akaenda na msaidizi wake wa karakana, Juan de Pareja, mzaliwa wa Antequera mwenye asili ya Kiafrika, ambaye kwa sheria ya siku zile alikuwa mtumwa wake. Huko Roma, mwaka 1650, Velázquez alimchora Pareja. Picha hiyo inamwonyesha amegeuza mwili upande kidogo, mkono mmoja umepita kifuani, amevaa kola pana ya lesi nyeupe, na anamtazama mtazamaji kama mtu asiyekuwa na haja ya kumwomba yeyote kitu. Ilipoonyeshwa katika Pantheon, hekalu la kale la Roma lililogeuzwa kanisa, mwezi Machi mwaka huo, Warumi waliisifu sana, na Palomino, mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Hispania, anasimulia kwamba wajuzi waliona picha nyingine zote kuwa uchoraji na hiyo peke yake kuwa ukweli. Mwaka huohuo Velázquez akamchora Papa Inosenti wa 10, mzee mwenye uso mwekundu aliyeketi katikati ya mapazia mekundu, macho yakiwa makali na yenye shaka, na inasimuliwa kwamba Papa mwenyewe alisema picha hiyo ni ya kweli mno.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Wingi wa rangi na wepesi wa brashi Velázquez aliuchota Venice, sikatai. Ila kumtazama mtumwa na papa kwa jicho moja, bila kumwinua huyu wala kumshusha yule, hilo sijui ungemwonyesha mwalimu gani wa Italia aliyemfundisha. Alikuwa tayari amelifanya Madrid, alipowachora vijeba na wachekeshaji wa kasri kwa uzito uleule aliompa mfalme. Wala sisemi haya ili kumtakasa: waraka wa kumwacha Pareja huru aliutia saini Roma mwezi Novemba 1650, kwa sharti kwamba aendelee kumtumikia miaka minne zaidi, na mimi nashindwa kuisahau hiyo miaka minne kila ninapoitazama ile kola nyeupe. Pareja baadaye alikuwa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Picha yake ya wito wa Mtakatifu Mathayo, ya mwaka 1661, imo katika makumbusho ya Prado huko Madrid, na mtu anayesimama ukingoni kushoto, akiwa na karatasi yenye saini mkononi, ni yeye mwenyewe.

Utauliza, kama kazi hizi ni kubwa kiasi hicho, kwa nini Ulaya ilichelewa kuzitambua? Jibu ni kwamba zilikuwa zimefungiwa. Wachoraji wa Hispania waliwafanyia kazi mfalme na watawa, na picha zikabaki ndani ya kuta za kasri na monasteri. Murillo, mchoraji wa Sevilla, ndiye aliyejulikana nje mapema, kwa picha zake za wavulana maskini wa Sevilla, ambazo mimi nazipenda kuliko Bikira Maria wake watamu kupita kiasi. Milango ilivunjwa na vita. Majeshi ya Napoleon yaliingia mwaka 1808, na Marshal Soult akapora Sevilla kana kwamba anavuna shamba lake. Moja ya picha alizopora, Bikira Maria wa Murillo, ilinunuliwa na Louvre, makumbusho ya Paris, mwaka 1852 kwa faranga 615,300, na haikurudi Hispania hadi mwaka 1941. Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa naye alifungua ndani ya Louvre, mwaka 1838, ukumbi wa picha zaidi ya 400 za Kihispania.

Kisha Manet, mchoraji wa Paris, akaenda Madrid mwaka 1865. Alikuta picha ya Velázquez ya mchekeshaji Pablo de Valladolid, ambamo hakuna ukuta wala sakafu, ila mtu mwenye nguo nyeusi na hewa inayomzunguka. Mwaka uliofuata akamchora mpiga filimbi wa jeshi akisimama katika utupu uleule, na waamuzi wa maonyesho ya Paris wakaikataa. Kutoka kwa Goya, mchoraji mwingine wa Hispania, pia alichukua mengi: linganisha picha ya Manet ya kuuawa kwa Maximilian, mfalme wa Mexico, na ile ya Goya ya Wahispania wakipigwa risasi na askari wa Napoleon, iitwayo Mei 3, 1808. Kwa hiyo Wafaransa waliofungua njia ya uchoraji mpya walikopa Madrid, kama Madrid ilivyokuwa imekopa Venice.

Juu ya mchoraji Ribera najua utanisumbua, kwa kuwa alizaliwa Xàtiva mwaka 1591 lakini alifanyia kazi Napoli hadi kufa kwake mwaka 1652. Mimi namhesabu upande wa Hispania, kwani katika picha zake nyingi alitia saini kwa kujiita Mhispania. Wewe ukimdai kwa Waitaliano, niandikie sababu zako.

Wako akupendaye,
Rafiki yako