Njaa ya simba wa Virunga

Goma, 14 Machi

Ndugu yangu mpendwa Kasongo,

Nakusalimu wewe, mama watoto na jamaa wote wa Lubumbashi. Sisi huku tu wazima. Katika barua yako uliandika kwamba simba wa Virunga, hifadhi yetu hapa mashariki mwa Kongo, wataongezeka wenyewe iwapo majangili watazuiwa kuwapiga risasi. Niruhusu nikupinge, kwa kuwa hata simba asiyeguswa na mtu hawezi kuishi pasipo na mawindo.

Mwaka 2002 wataalamu Chris Carbone na John Gittleman walionyesha kwamba kilo 10,000 za mawindo hutunza takriban kilo 90 tu za mnyama alaye nyama. Simba jike mmoja hupita uzito huo. Wala hawezi kushibishwa na panya na sungura, maana nguvu anazopoteza kwa kuwafukuza ni nyingi kuliko anazozipata kwa kuwala. Anahitaji windo kubwa, kama vile nyati, na ndiyo maana nyati wakipungua hana pa kukimbilia.

Sasa utazame uwanda wa Rwindi, kusini mwa Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000, lakini kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wao wakiwa wameuawa na watu wenye silaha kwa ajili ya nyama na meno. Nyati nao walipungua sana. Jambo hili linaniuma mara mbili, kwa sababu kinyesi cha viboko hao ndicho kilichokuwa kikirutubisha maji ya ziwa, na samaki wake ndio tunaowala hapa Goma.

Njaa haimuui simba hadharani. Mawindo yakiadimika, majike hulazimika kwenda mbali zaidi na kuwaacha watoto kwa muda mrefu, na hata nyama ikipatikana, watoto hula mwisho. Hivyo hao ndio wanaotangulia kufa, na kundi huzeeka bila warithi. Wakubwa nao huanza kuwafuata ng'ombe, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake hujibu kwa sumu. Ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11 waliuawa kwa sumu mwaka 2018, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Usidhani msituni kuna nafuu. Chui hula wanyama wa kila namna, lakini Philipp Henschel na wenzake walipochunguza misitu ya Gabon waliona kwamba kadiri uwindaji wa nyama ya pori ulivyozidi, ndivyo chui walivyokula wanyama wadogo zaidi, na karibu kabisa na vijiji hawakuwapo tena. Mitego ya waya, ambayo haichagui, huwanasa hata chui wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukibahatika kuzungumza na walinzi wa hifadhi ya Upemba, waulize kwanza habari za punda milia, kwa kuwa hao ndio wa mwisho katika nchi yetu yote, na uwaulize pia kama nyati wanazaa na kama nyasi zina wa kuzila. Ya simba waulize baadaye. Uniandikie watakayokujibu, hata kama si mazuri.

Ni mimi rafiki yako,
Bahati